Mizani ya Mnunuzi wa Kusini: Kutoka Merikani hadi Simu Janja katika Nachingwea na Ruangwa

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, zilizo bara ya mji wa Lindi, fedha ya mkulima haiji kwa mwezi bali huja kwa msimu: ufuta huuzwa katikati ya mwaka, mbaazi hufuatia, na korosho, ambayo ndiyo tegemeo kubwa la riziki, huokotwa na kupelekwa ghalani kuanzia mwezi wa Oktoba hadi mwaka unapokwisha. Kisha mvua hunyesha, mashamba hudai palizi, watoto hudai madaftari na sare, na mkono uliokuwa na kitu hubaki mtupu hadi mavuno mengine. Mtu anayeishi kwa kalenda ya namna hii hana budi kununua kwa taamuli, maana kosa la asubuhi moja dukani hulipwa kwa majuto ya miezi mingi, na kitu kilichoharibika mwezi wa Machi hakina fedha ya kukibadili kabla ya ufuta.

Katika hali hiyo ndipo mkulima wa leo anaposimama mbele ya kabati la kioo, ameonyeshwa simu janja mbili za bei ya wastani, mathalan moja ya Samsung ya Korea na moja ya Tecno ya Uchina, zimepishana bei kidogo na sifa nyingi, naye anatakiwa achague. Wako wanaodhani kwamba uchaguzi huu ni jambo jipya kabisa, na kwamba mwanakijiji huuingia bila elimu yoyote, akiongozwa na rangi ya boksi na ulimi wa muuzaji. Dhana hiyo haina insafu. Kupima vitu viwili vya bei ya kadiri, na kujua ni kipi kitakachostahimili maisha ya kusini, ni maarifa ya kale katika nchi hii, yaliyokusanywa kwa zaidi ya karne moja ya biashara. Na madhumuni ya makala haya ni kuyafuata maarifa hayo tangu yalikoanzia, ili idhihirike yanatufaa nini hivi leo.

Katika karne ya 19, Wayao na majirani zao wa bara walikuwa wakiteremka pwani, hadi Kilwa na Lindi, na pembe za ndovu, na baadaye na mpira wa msituni, na nchi ya Wamwera, inayoenea hadi wilaya hizi, ilikuwa katika eneo la njia hizo. Biashara ile ilitiwa doa kubwa na utumwa, nalo si doa la kufichwa. Walakini ilikuwamo ndani yake elimu pana ya bidhaa. Nguo iliyotafutwa kuliko nyingine ilikuwa merikani, kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Zanzibar na merikebu za wafanyabiashara wa Salem. Kando yake ilikuwapo kaniki ya Bara Hindi, iliyotiwa rangi ya nili, na zilikuwapo nguo za viwanda vya Uingereza zilizofumwa kwa kuiga merikani. Wanunuzi wa Afrika Mashariki hawakuzikubali nguo za kuiga kwa urahisi, wala kukataa kwao hakukutokana na mapenzi ya jina tupu: sehemu ya uzito wa nguo zile ilikuwa ni wanga uliotiwa kiwandani, na wanga huo ulikwenda na maji katika kufuliwa kwanza, ukamwachia mwenye nguo kitambaa chepesi, chembamba, kisichofikia nusu ya sifa alizosomewa. Ni pale tu vita vya ndani vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipoadimisha merikani ndipo nguo za Uingereza na za Bombay zilipopata nafasi kubwa sokoni. Na yaliyokuwa kweli kwa nguo yalikuwa kweli kwa ushanga na waya wa shaba: kila nchi ya bara ilikuwa na rangi yake, unene wake na mtindo wake, na tajiri wa pwani aliyefunga mizigo bila kuuliza habari za wanunuzi alihasirika, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsikitikia kwa kununua asichokipenda.

Basi tuyaweke mawili hayo akilini: kwamba mnunuzi wa bara ndiye aliyeamuru bidhaa iweje, na kwamba alipima kitu kwa kile kinachobaki baada ya kufuliwa, si kwa kile kinachoonekana kikiwa kipya.

Mfano wa kinyume chake, yaani wa watu waliochagua bila kupima, uliletwa Nachingwea na serikali yenye wataalamu na mali nyingi. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula, na mwaka 1946 tume iliyoongozwa na John Wakefield ikapeleka rai ya kulima karanga Afrika Mashariki kwa eneo la zaidi ya ekari milioni tatu. Mwaka 1947 Waziri wa Chakula, John Strachey, akausimamia mpango huo, kazi ikaanza Kongwa, kisha Urambo, na Nachingwea ikatarajiwa kuwa na mashamba makubwa kuliko yote. Mitambo iliyotafutwa ilikuwa ile iliyokuwapo sokoni baada ya vita, pamoja na matrekta yaliyotoka Ufilipino na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Ikachaguliwa kwa ukubwa wake na kwa haraka ya wenye haja, ilhali haikuulizwa vya kutosha kama ingeyaweza mapori haya na mizizi yake, wala vipuri vyake vingetoka wapi, wala fundi wa kuifufua angekuwa nani. Majibu yalitolewa na ardhi. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa katika hesabu za Uingereza.

Mpango ule uliacha bandari ya Mtwara, na ukaacha reli iliyotoka pwani hadi Nachingwea, ambayo nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kukosa mizigo ya kuitunza. Lakini uliacha pia mji, barabara, na kizazi cha watu waliokwisha kupokea ujira wa fedha na kuizoea hesabu ya duka. Kizazi hicho, pamoja na wakulima ambao mikorosho yao ilikuwa inakua, kikaleta sokoni chaguo la baiskeli. Ilikuwapo Raleigh ya Uingereza, yenye heshima na bei yake. Baada ya uhuru zikaja Phoenix za Uchina na baiskeli za Bara Hindi, na kiwanda cha Dar es Salaam kikatoa Swala. Mtu mwenye kusafirisha magunia katika njia za mchanga hakuweza kuridhika na uzuri wa rangi. Ilimlazimu kujua uimara wa chuma na wa karia, na kujua kama mnyororo, mpira na spoki zake hupatikana mahali pa karibu, kwa sababu baiskeli isiyokuwa na vipuri ni chuma cha kuegemezwa ukutani.

Redio ikafuata. Sauti ya Dar es Salaam ilikuwa imeanza mwaka 1951, na baada ya uhuru Radio Tanzania ikawa mwalimu, mpiga mbiu na mleta habari za taifa hadi vijiji visivyofikiwa na gazeti. Kwa watu wa Nachingwea redio ilikuwa na maana ya ziada, kwa kuwa katika wilaya yao wapiganaji wa FRELIMO walikuwa na kambi kuu ya mafunzo, na habari za vita vya ukombozi vilivyoanza Septemba 1964 ng'ambo ya Ruvuma zilikuwa habari za jirani na za mgeni aliye nyumbani mwao, hadi Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Redio za Philips na za National zilikuwa na watetezi wao, na mashindano yao yalikwenda kwa vipimo vya kijijini: ipi hunasa masafa mafupi wakati wa usiku bila mkwaruzo, na ipi hula betri chache, kwani redio hununuliwa mara moja lakini betri hununuliwa mwaka mzima. Kipimo cha tatu kiliongezwa hapo juu ya vile vya nguo na baiskeli, nacho ni gharama ya kukitumia kitu baada ya kukipata.

Kisha ukaja wakati ambapo uchaguzi wenyewe ulitoweka. Uhamishaji wa watu katika vijiji vya pamoja, hususan katikati ya miaka ya 1970, uliwatenga wakulima wengi na mikorosho yao. Magonjwa ya miti, bei ndogo na malipo ya kuchelewa vikaongeza madhara. Na korosho za Tanzania, zilizokuwa zimefikia takriban tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, zikaanguka chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Katika miaka hiyohiyo maduka yakawa matupu, sabuni na sukari zikapangiwa foleni, na aliyebahatika kupata kitu alikichukua kama kilivyo. Wale waliopitia miaka ile wanajua kwamba uwezo wa kusimama mbele ya vitu viwili na kusema hiki nakitaka, kile sikitaki, ni neema isiyofaa kudharauliwa, kwa kuwa ndani yake imo heshima ya mtu.

Simu ya mkononi ilianza Dar es Salaam mwaka 1994 kwa kampuni ya Mobitel, ikawa mali ya wachache; lakini baada ya Vodacom kuanza mwaka 2000 na Celtel mwaka uliofuata, minara ikaenea mikoani, na baadaye Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ukawekwa kwa ajili ya vijiji ambavyo kampuni hazikuona faida ya kuvifikia. Kabla ya hapo habari ya msiba ilitumwa kwa barua, kwa simu ya maandishi kutoka posta, au kwa mtu aliyepanda basi; na basi lenyewe, kabla ya daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, lilivushwa kwa kivuko, na mvua ya masika iliweza kuifunga barabara ya kusini siku nyingi. Katika mwaka huohuo wa 2003 Nokia ilitoa simu yake ya 1100, iliyokuwa na tochi kichwani na vibonye vilivyofunikwa vumbi lisiingie, na simu hiyo ikauzwa duniani zaidi ya milioni 250. Fauka ya bei yake ndogo, watengenezaji walikuwa wamefikiri juu ya mahali penye giza na vumbi, nao wakapata malipo ya kufikiri huko.

Mafunzo hayo yalifahamika vizuri zaidi na kampuni ya Transsion ya Shenzhen, iliyoanzishwa mwaka 2006, ambayo simu zake za Tecno, itel na Infinix zililenga soko la Afrika tangu mapema. Waliona kwamba Mwafrika huwa na laini mbili, kwa sababu mtandao unaoshika nyumbani huenda usishike shambani, na kwa sababu bei za kupiga hutofautiana. Wakatoa simu ya laini mbili. Waliona kwamba umeme ni wa shida. Wakaweka betri kubwa. Waliona kwamba kamera zilizorekebishwa kwa nyuso nyeupe huzitia kiza nyuso nyeusi, wakazirekebisha upya. Kama vile tajiri wa merikani alivyolazimika kuuliza habari za bara kabla ya kufunga mizigo, ndivyo kampuni hii ilivyouliza, na ndiyo sababu ya kupata soko ambalo wakubwa waliotangulia walidhani ni lao.

Mlango huo wa bei nafuu uliingiza pia bandia. Simu zilizobeba majina makubwa zikafika kutoka Kariakoo hadi magulio ya vijijini, zikiwa na namba za utambulisho za kubuni, na mwenye kununua hakujua kosa lake hadi sauti ilipokwaruza na betri ilipovimba. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ikazizima simu bandia mwezi wa Juni 2016, na nchi nzima ikajifunza kubonyeza *#06# ili kuiona namba ya utambulisho ya simu na kuihakiki kabla ya fedha kutoka mfukoni. Desturi hiyo haifai kusahauliwa, kwa maana ni dakika moja inayookoa mavuno ya magunia.

Wakati huohuo simu ikawa sehemu ya mavuno yenyewe. Mfumo wa kuuza korosho kwa stakabadhi ghalani ulianza nchini katika msimu wa 2007/08: mkulima hupeleka mzigo katika chama chake cha msingi, minada ya wilaya hizi na Liwale husimamiwa na chama kikuu cha RUNALI, na malipo hupitia benki badala ya kuhesabiwa mezani. Mwaka 2008 M-Pesa ikaanza Tanzania, na katika msimu wa 2024/25 minada ya korosho ikaendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa. Mwenye simu hupata habari ya bei ya mnada na ya malipo kuingia. Asiyekuwa nayo huzipata kwa mdomo wa mwingine, na katika nchi ambayo wanunuzi wa kangomba bado huwanyemelea wenye shida ili wachukue korosho kwa bei ya hasara kabla ya msimu, kuchelewa kujua bei ni kuchelewa kuokoka.

Tuzirudie sasa simu zetu mbili. Mwishoni mwa mwaka 2023 zilitangazwa Galaxy A15 ya Samsung na Spark 20 Pro ya Tecno, nazo zinafaa kuwa mfano, kwa kuwa toleo la 4G la ile ya kwanza na hii ya pili zote hutumia chipu ya jamii moja, Helio G99 ya MediaTek, na betri zote mbili ni za mAh 5000. Hivyo moyo wao unakaribiana, na tofauti imo katika viungo. Ya Tecno huchaji kwa wati 33 na ya Samsung kwa wati 25. Ya Tecno huja na chaja ndani ya boksi, ilhali Samsung imeacha desturi hiyo katika simu zake nyingi. Kioo cha Samsung ni cha AMOLED, chenye weusi wa kweli na rangi za kung'aa. Cha Tecno ni cha LCD, kikubwa na chepesi katika kupeperusha picha, na kwa kawaida kioo cha namna hiyo ni nafuu zaidi kukibadili kinapopasuka. Kwa upande mwingine Samsung iliahidi masasisho ya usalama kwa miaka 5, muda mrefu kuliko unaoahidiwa kwa simu nyingi za bei hiyo, na jambo hilo si dogo kwa mtu ambaye benki yake imo mfukoni mwake, maana simu isiyosasishwa huachia wezi mlango wazi.

Hapa ndipo elimu ya merikani inapofaa. Boksi la simu huweza kuandikwa kwamba ina RAM ya GB 16, ilhali 8 kati yake zimeazimwa kutoka katika hifadhi na hazifanyi kazi sawa na zile za asili. Boksi huweza kutangaza kamera ya megapikseli 108, ilhali picha inayotumwa WhatsApp hupunguzwa hata isione faida ya wingi huo. Huo ndio wanga wa zama zetu, na mnunuzi mwenye busara huuliza simu itabaki na nini baada ya kufuliwa. Aidha, Galaxy A15 imetolewa katika toleo la 4G na la 5G. Mtu ambaye kijiji chake hakijafikiwa na 5G, akilipia 5G, amenunua trekta la Kongwa: nguvu ipo, mahali pa kuitumia hapapo.

Kipimo cha baiskeli nacho hakijachakaa. Kabla ya kuchagua jina, mtu amwendee fundi wa mji wake amwulize ni kioo kipi anacho, ni mfumo upi wa chaji anaoweza kuubadili, na ni simu zipi humrudia mara kwa mara. Fundi anayeifungua simu anajua habari ambazo tangazo halina. Vilevile, anayechukua simu kwa mkopo wa malipo ya kila siku au kila wiki azingatie kwamba mkopo huo ulitungwa kwa mtu mwenye kipato cha kila siku, na kwamba simu hufungwa kwa mbali malipo yakikatika. Kwa mkulima anayelipwa kwa msimu, simu nafuu iliyolipiwa taslimu huenda ikawa na uhuru zaidi kuliko simu bora iliyo rehani.

Haki ya watu hawa kudai bidhaa njema ina sababu nyingine iliyo chini ya miguu yao. Ardhi ya Ruangwa ina hazina kubwa ya madini ya kinywe, katika maeneo kama ya miradi ya Chilalo na Lindi Jumbo, na kinywe ndicho kitu kikuu cha upande hasi wa betri ya simu, kikiwa na uzito mkubwa kuliko hata lithiamu inayoipa betri hiyo jina. Nchi inayotoa kitu cha lazima katika simu zote mbili haifai kuuziwa mabaki ya simu.

Kwa hiyo, atakayeniuliza ni ipi kati ya mbili hizo nitamjibu hivi: mwenye kuweka fedha zake katika simu na kukusudia kukaa nayo miaka mingi, akiwa na mahali pa kuilinda, na achukue ile yenye ahadi ndefu ya masasisho, na mwenye kwenda nayo shambani, ambaye huchaji kwa bahati na ambaye kioo chake kinaweza kupasuka kabla ya korosho, na achukue ile ambayo fundi wa mjini kwake anaimudu. Lakini lililo kubwa kuliko jibu langu ni kwamba vyama vya msingi, vinavyowakusanya wakulima kila msimu kwa habari za bei, viwape pia habari za bidhaa. Kwamba vyuo vya ufundi stadi vitoe mafundi wa simu wa kutosha hadi ngazi ya kata. Na kwamba wauzaji waandike katika boksi kilicho cha kweli tu. Babu za wakulima hawa waliirudisha pwani nguo iliyojazwa wanga, nao hawakuwa na mamlaka wala maabara. Walikuwa na mizani yao tu, nayo iliwatosha kuwafundisha adabu wafumaji wa nchi za mbali. Mizani hiyo ingaliko, na wajibu wetu ni kuitia mkononi mwa kila anayeingia dukani na fedha aliyoitolea jasho.